Walalao Nje Mjini: Hotuba kwa Wanafunzi wa Zamani



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme juu ya watu wasio na makazi, nadhani alitarajia nilete ramani, maana kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kupima viwanja. Ramani sikuleta. Nitasema juu ya Dar es Salaam, ambako nilifanya kazi na ambako wengi wetu tunaishi, na nitajitahidi kumaliza kabla pilau haijapoa.

Ukipita Kariakoo usiku wa manane utawaona wamelala juu ya maboksi kwenye baraza za maduka. Wengi wetu tukiwaona husema ni wavivu, au wahuni. Wamo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na desturi ya kuzungumza nao, na wengi niliowauliza walikuwa na kazi. Huyu anashusha magunia ya viazi alfajiri, yule anasukuma mkokoteni. Kijana mmoja alinieleza kwamba hulala pale ili awahi lori la kwanza; akilala mbali, nauli inakula kibarua chake. Kazi anayo, ndugu zangu. Anachokosa ni chumba.

Fikra ya kwamba dawa ya mtu wa namna hiyo ni kumrudisha kijijini ni ya zamani. Waingereza walitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu waliowaita wasiotakiwa, wakawakamata na kuwarudisha makwao. Sisi wenyewe baada ya Uhuru tuliendelea. Mwaka 1976 palikuwa na operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Nia ya kuhimiza kilimo naiheshimu. Hata hivyo waliopelekwa shamba wengi walirudi, maana kilichowaleta mjini kilikuwa hakijabadilika. Sensa ya 1978 iliwakuta watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Hakuna lori la kuwarudisha watu wote hao.

Njia ya pili ilikuwa kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuvunja nyumba za udongo na kujenga bora zaidi mahali palepale. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Lakini mpimaji hupenda hesabu: ukivunja nyumba moja na kujenga moja, hujaongeza chumba hata kimoja, na mpangaji wa ile ya udongo mara nyingi hana uwezo wa kodi ya hii mpya. Serikali iliiona kasoro hiyo, na mwaka 1972 ikageuza siasa yake. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974 vilipimwa viwanja vyenye huduma kule Sinza na Kijitonyama, na Manzese, badala ya kubomolewa, ikatiwa barabara na maji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote tulizopata kuifanya katika jambo hili. Ikafifia katika miaka ya 1980, fedha zilipokwisha, na mji ukaendelea kujijenga wenyewe bila kipimo.

Nao ulijijenga kwa nyumba ya Kiswahili. Mnaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, choo na jiko uani. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja na jamaa zake kingine, vilivyobaki anapangisha. Nyumba hiyo imewastiri watu wengi kuliko mradi wowote, na hakuna mhandisi aliyepewa nishani kwa ajili yake. Sasa tembeeni Kariakoo mzitafute. Zimeng'olewa, zimesimama ghorofa za maduka. Siwalaumu waliouza, bei ya kiwanja ilikuwa kubwa. Lakini chumba cha maskini kikitoweka, hakuna daftari linaloandika kwamba kimetoweka.

Kuna na sababu nyingine ambazo nitazigusa tu. Wapo wajane waliotolewa nyumbani na ndugu wa marehemu kwa kutumia kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Wapo watoto waliokimbia kipigo. Wapo waliofukuzwa na mafuriko. Baada ya mvua za Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na soko na vibarua vyao, na baadhi yao wakarudi mjini. Kiwanja kisicho na riziki karibu, mtu hukilinda kwa muda gani?

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu humu ukumbini. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Yule kijana wa magunia anaweza kuzipata. Lakini anaambiwa alete kodi ya miezi sita, yaani 300,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Shilingi 350,000 kwa mara moja, kwa mtu anayelipwa kila jioni na kula kila jioni! Atazihifadhi wapi, juu ya boksi? Zamani palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi. Ilifutwa mwaka 2005. Na ni nani wanaodai miezi sita, wengine kumi na miwili? Ndugu Mwenyekiti, baadhi yao wamekaa safu ya mbele na ni marafiki zangu.

Najua jibu lao: mpangaji wa mwezi kwa mwezi hutoroka. Mimi ninayo nyumba ya vyumba sita Mbagala, na ninapokea kodi kila mwezi. Katika miaka kumi na moja wametoroka wawili. Nilichopoteza ni kodi ya miezi mitatu kwa jumla, na vyumba vyangu havijapata kukaa vitupu.

Wafini walianza mwaka 2008 kumpa mtu asiye na makazi chumba kwanza, mwenye mkataba na ufunguo wake, kisha ndipo wanamsaidia kuacha pombe au kutafuta kazi. Mwaka 1987 walikuwa na zaidi ya watu 18,000 wasio na makazi. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 4,000. Ni nchi tajiri, nakubali, wala sisemi manispaa zetu ziwaige kesho. Lakini zinaweza kupima viwanja vidogo karibu na masoko, na kujenga mabweni ya bei nafuu kwa wapagazi. Mkiwa na diwani mnayemfahamu, mwambieni.

Sisi tunaweza kuanza kabla ya diwani. Kwenye meza ya Katibu nimeweka karatasi yenye safu mbili: jina la mwenye nyumba, na idadi ya vyumba atakavyopangisha kwa kodi ya mwezi kuanzia Januari, bila dalali. Jina langu nimekwisha kuliandika, vyumba vinne. Kalamu imefungwa kwa kamba, maana nawajua watu wa bweni letu.