Samatta, Ulimwengu na Anayefuata

Msikilizaji, kikosi cha Taifa Stars umeshakisikia. Majina yamesomwa, yamechambuliwa, na wiki nzima, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Tandika hadi kwenye daladala za Kinondoni, mjadala umewaacha waliotajwa ukarudi kwa washambuliaji wawili waliowahi kuvaa jezi moja: Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Nani alikuwa mkali zaidi? Nani alimbeba mwenzake? Je, Ulimwengu angepata njia aliyoipata Samatta, angefika wapi? Wapo waliopiga simu hapa studio wakaanza kwa hoja na kumaliza kwa matusi.

Swali lenu tutalijibu. Ila kinachotunyima usingizi sisi si hao wawili. Ni anayefuata. Anayefuata yuko wapi?

Tuanze na wao, kwa sababu heshima yao ipo. Jumapili ya tarehe 24 Machi 2013, Uwanja wa Taifa, hapa hapa Temeke. Morocco wamekuja kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Mapumziko yamekwisha, watu wengine bado hawajarudi kwenye viti vyao, Ulimwengu anafunga. Kisha Samatta anafunga la pili. Halafu Samatta tena, la tatu. Morocco walipata la kufutia machozi dakika za mwisho, ikaisha 3-1. Ulimwengu alikuwa na miaka 19, Samatta 20. Mabao yote matatu ya Tanzania siku ile yalifungwa na vijana wawili wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Miezi mitatu baadaye wakaja Ivory Coast na Yaya Touré wao, Ulimwengu akafunga tena, ingawa tulilala 4-2.

Sasa, nani zaidi? Ni Samatta, na hatuoni haja ya kuzungukazunguka. Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger, kule Algiers na pale Lubumbashi. Januari 2016 akapokea mjini Abuja tuzo ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Akaenda Genk, akatwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na Novemba mwaka huo akaifunga Liverpool kwa kichwa Anfield. Akaenda Aston Villa, akafunga mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi mbele ya Manchester City. Hakuna Mtanzania mwingine aliyefika huko.

Lakini msimsahau Ulimwengu, na msimtaje kama kivuli cha mtu. Huyu alikuwa straika wa kazi. Beki akimkaba nusu saa, nusu saa ya pili anaomba msaada. Alikuwa akitokea pembeni, anakimbilia nafasi iliyo nyuma ya mabeki, anawavuta wawili, na hapo Samatta anapata pumzi. Naye ana medali ya Ligi ya Mabingwa ya 2015. Na Samatta alipoondoka, Ulimwengu alibaki Lubumbashi na mwaka 2016 Mazembe wakachukua Kombe la Shirikisho Afrika. Baada ya hapo njia yake ilipinda: Sweden, Bosnia, Sudan, Algeria, kisha akarudi Lubumbashi. Mpira una mambo yake, na mchezaji hapimwi kwa jina la klabu ya mwisho aliyochezea.

Basi, swali tumelijibu. Sasa tuulize la kwetu.

Tarehe 8 Novemba 2015 hawa wawili walikuwa mabingwa wa Afrika. Siku sita baadaye walikuwa Temeke na Taifa Stars, tukatoka sare ya 2-2 na Algeria, bao moja la Elias Maguri, jingine la Samatta. Siku tatu nyingine zikapita, marudiano yakapigwa kwao, Blida. Tukafungwa saba. Saba kwa sifuri, msikilizaji, nchi yenye mabingwa wawili wa Afrika kikosini. Anayetaka kujua kama mjadala wa nani zaidi una faida kwa Taifa Stars, aikumbuke Blida. Tulikuwa na wawili. Hatukuwa na wa kuwafuata.

Mtatujibu: na Simon Msuva je? Ni haki yake kutajwa. Alitoka Yanga akaenda Morocco, akaifungia Tanzania katika fainali za Afrika za 2019, akafunga tena katika zile zilizochezwa Januari 2024. Sawa. Na baada ya Msuva? Anayefuata yuko wapi?

Sisi hapa redioni tumelisema hili hadi wengine wametuchoka, na leo tunalisema tena: viwanja. Viwanja vya wazi vya mitaani. Samatta ametoka Mbagala. Amepitia African Lyon, timu ambayo ilianza kwa jina la Mbagala Market, ndipo Simba wakamchukua. Mazembe walimwona akiwa na Simba, walipokutana katika Ligi ya Mabingwa mwaka 2011. Hatua zote hizo zilitanguliwa na kitu kimoja ambacho hakipewi tuzo Abuja: ardhi ya kuchezea.

Pita leo mtaa wowote wa Mbagala, Yombo, Manzese au Tandale saa kumi na moja jioni. Watoto wapo. Goli ni ndala mbili kila upande, mpira ni wa kuunga kwa kamba. Bajaji ikiingia, mchezo unasimama. Bodaboda ikifuata, unasimama tena. Mpira ukiruka juu ya ukuta, mwenye nyumba anautaifisha, kwa hiyo watoto wameshakubaliana: hakuna kunyanyua, pasi zote chini, mashuti yote chini. Miguu yao ni myepesi ajabu. Mtoto wa miaka tisa anakugeuza kwenye nafasi ya hatua mbili. Lakini krosi ataijulia wapi? Kichwa atakijulia wapi? Ile mbio ndefu ya Ulimwengu nyuma ya mabeki, mtoto huyu ataifanyia kwenye uchochoro upi? Halafu akifika miaka 17 tunamwambia hana kasi ya kimataifa, hajui kutumia nafasi. Nafasi hajawahi kupewa.

Kiwanja cha mtaa kimekwenda wapi? Unajua kilikokwenda. Kimekuwa fremu za maduka. Kimekuwa gereji, yadi ya magari, kituo cha mafuta. Kiwanja cha shule kimezungushiwa ukuta, na geti linafungwa wanafunzi wakishatoka. Ndondo, mchezo uliojaza mitaa hii kila jioni, unagombea nafasi na mikutano na maonyesho kwenye sehemu chache zilizosalia kama Mwembe Yanga na Zakhem. Temeke ina Uwanja wa Mkapa wa watu 60,000, ina Uhuru jirani yake, na kule Chamazi kuna uwanja wa Azam. Tunajivunia vyote. Lakini mtoto wa Mbagala Kuu huingia humo kwa tiketi, akiwa mtazamaji.

Wale Mazembe waliotutengenezea washambuliaji wetu, uwanja wao uko Kamalondo, katikati ya makazi ya watu. Ulifunguliwa 2011, mwaka uleule Samatta na Ulimwengu walipofika Lubumbashi. Klabu ile ina kituo chake cha kulea vijana. Wao hawasubiri mtoto atokee kwa bahati.

Na muda hautusubiri. Fainali za Afrika za 2027 zimepewa Kenya, Uganda na sisi. Viwanja vikubwa vinajengwa, vingine vinakarabatiwa, na ni vyema. Mwaka huo Samatta atakuwa na miaka 34. Kijana wa kumpokea alipaswa kuwa ameanza zamani, na mdogo wake wa kumpokea 2035 ni yule anayecheza leo kwa ndala mbili, akisimama kupisha bajaji.

Kwa hiyo tunasema na wewe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa: ardhi ya wazi iliyobaki kwenye mtaa wako usiisainie fremu hata moja. Mheshimiwa diwani, kwenye baraza la madiwani simama uulize viwanja vilivyochorwa kwenye ramani ya mipango miji viko wapi, na kama kuna mtu amejenga juu yake, mtaje. Mwalimu mkuu, fungua geti saa kumi. Weka mlinzi, weka masharti, lakini lifungue. Na TFF, mnapozungumzia vijana, anzieni uchochoroni. Mtafuteni mtoto wa Tandale kabla Lubumbashi haijamtafuta.

Na wewe msikilizaji unayebishana kuhusu Samatta na Ulimwengu, bisha, ni raha yako. Ila kesho asubuhi nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Usiende na jezi, nenda na jirani zako watano. Ombeni kuona mchoro wa mtaa wenu. Ulizeni kiwanja cha michezo kimeandikwa wapi. Mkiambiwa hakuna mchoro, msiondoke. Ombeni muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho wa mtaa, msome ajenda ya ardhi mstari kwa mstari. Mkutano mwingine ukiitishwa, jaeni. Jaeni kama mnavyojaa kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga, na msimpitishe mtu yeyote anayeomba kujenga mahali ambapo watoto wenu wanacheza.