Mafuta na Nta kwa Vibao vya Kukatia



Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za bei ya tumbaku na hesabu za miaka kumi. Mimi nimepewa jambo dogo kwa umbo: vibao vya kukatia mboga na nyama vinavyotoka katika karakana yetu, na kitu kinachofaa kupakwa juu yake. Hata hivyo, chakula cha mnunuzi hupita juu ya kibao hicho kila siku, na muhuri wa Umoja umepigwa ubavuni mwake. Kwa kuwa Mkutano Mkuu ndio utakaoamua, yafaa kila mjumbe apige kura akijua anachokichagua.

Kuhusu mti sina maneno mengi. Mninga tunao, na sifa yake ya kutotanuka wala kusinyaa ovyo inajulikana na kila seremala. Lakini ubao mbichi haufai kupakwa kitu. Sharti ukauke hata unyevu wake ufikie kiasi cha 12 kwa mia. Baada ya randa hupigwa msasa, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mti zisimame, huachwa ukauke, na kupigwa msasa laini tena. Fundi anayeruka hatua hiyo atamwachia mama wa nyumbani kibao chenye miba siku ya kwanza ya kukiosha.

Wako waliopendekeza vanishi, na sababu yao naielewa. Kibao cha vanishi hung'aa, na penye maonyesho ya Nane Nane macho ya watu hukimbilia kinachong'aa. Lakini vanishi ni ngozi iliyolazwa juu ya mti. Kisu huikata, maji hupenya chini yake, nayo hubambuka vipande vidogo vidogo vinavyoishia ndani ya kachumbari. Ni nzuri kwa kiti na kabati. Kwa kitu kinachokatwa kila siku haifai kabisa.

Neno gumu zaidi ni la alizeti, maana wengi wetu hapa tunailima na tungependa kutumia mali yetu wenyewe. Mafuta ya mimea hayana tabia moja. Yapo yanayokauka, kama yale ya kitani, ambayo huvuta oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu. Yapo yasiyokauka, kama ya nazi. Katikati yamo ya alizeti na ya mbegu za pamba: huvuta hewa kiasi cha kuharibika, lakini si kiasi cha kukauka vema. Kibao kilichonyweshwa mafuta hayo hunata mkononi, na baada ya muda hutoa uvundo usioondoka kwa sabuni. Hilo si kosa la mkulima wala la kinu. Mafuta ya alizeti mahali pake ni kikaangoni, na hapo sifa yake haina mpinzani.

Ya nazi huchelewa kuharibika, ingawa nayo mwisho huchacha. Tena hutoka pwani, na joto likishuka chini ya nyuzi 24 huganda, hata asubuhi za Juni na Julai fundi huyakuta magumu koponi. Ya kitani yaliyo safi yanafaa kwa mwenye subira ya kungoja majuma mengi yakauke. Lakini yale yanayouzwa madukani kwa jina la mafuta ya kitani yaliyochemshwa aghalabu hutiwa chumvi za madini ili yakauke upesi, na hayo yasikaribie chakula.

Linalobaki ni likwidi parafini safi ya duka la dawa, ile wanayopewa watu wenye kufunga choo. (Asije mtu akaichanganya na parafini ya taa!) Haina rangi, haina harufu, wala haichachi kamwe. Udhaifu wake ni kwamba haikauki, hivyo kila kibao kinapooshwa hupungua kidogo. Hapo ndipo inapoingia nta ya nyuki, mali ya wanachama wetu wenye mizinga. Kwa gramu 100 za nta iliyochujwa vizuri tia gramu 400 za mafuta hayo, katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka penye nyuzi 63 hivi. Mchanganyiko ukipoa huwa marhamu laini kama samli iliyoganda.

Namna ya kupaka ni hii. Anza na mafuta matupu, kwa wingi, pande zote mbili. Upande mmoja ukinyweshwa na wa pili ukaachwa, kibao hupinda. Zidisha penye ncha, ambako nyuzi zimekatwa, kwa kuwa ndiko kunakokunywa sana. Kilale usiku kucha, na kesho urudie, mpaka kikatae kunywa. Ndipo usugue marhamu, ungoje, ukapanguse yaliyozidi. Napendekeza kila kibao kiuzwe pamoja na kikopo cha marhamu hayo, ili mnunuzi akipake upya kila mwezi. Na aambiwe asikiloweke majini.

Wapo watakaouliza kama plastiki si safi zaidi. Dean Cliver wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya majaribio yao: vijidudu vilivyowekwa juu ya mti vilizama ndani na kupungua, ilhali katika plastiki iliyochanjwa na visu vilijificha ndani ya michanjo. Hata hivyo, sabuni na maji ya moto havina badala, na nyama mbichi iwe na kibao chake.

Ipo hoja ya pili, kwamba mafundi wa viti waendelee na mafuta ya kitani. Sina pingamizi, ila kwa sharti moja. Mafuta hayo yanapovuta hewa hutoa joto. Tambara lililolowa likifinyangwa na kutupwa pembeni, joto hilo hukosa pa kutokea, huzidi, na tambara linaweza kuwaka lenyewe pasipo kiberiti wala sigara. Karakana yetu imepakana ukuta na ghala la tumbaku. Kwa hiyo naomba iandikwe katika azimio kwamba kila jioni matambara hayo yatiwe katika ndoo ya bati yenye maji na kifuniko, nje ya jengo, na kwamba msimamizi wa karakana aikague ndoo hiyo kabla ya kufunga mlango.