Harusi Twachangia Kabla, Ugonjwa Twachangia Baada

*(Mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni Jumapili jioni)*



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya daftari. Si daftari la shule, bali daftari la michango. Ninalo moja nyumbani, kwa sababu mimi ni karani mstaafu, na karani mstaafu hapati mapumziko. Kila penye fedha za watu mtaani ataitwa yeye aje kuandika.

Katika daftari hilo kuna kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ni wa harusi ya kijana wa jirani. Kamati iliundwa miezi minne kabla ya siku yenyewe, ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nikiwa ni mimi. Kadi zilichapishwa, ahadi zikaandikwa, na waliochelewa wakakumbushwa. Mimi mwenyewe niliahidi shilingi 150,000, nami nikazilipa zote.

Ukurasa wa kulia ni wa fundi seremala mmoja wa Keko, naye ni jirani yetu. Wengi wenu mnaijua Keko, ndiko tunakonunua vitanda na makabati. Fundi huyu alipata kazi ya kupaua nyumba, akaanguka kutoka kwenye kenchi, akavunjika mfupa wa paja. Katika hospitali moja, ambayo jina lake nalihifadhi, tuliambiwa kuwa paja lile lataka kutiwa chuma ndani, na kwamba chuma hicho hununuliwa kwanza ndipo upasuaji ufanyike. Akalazwa, mguu umevutwa kwa uzito, akingoja.

Ndugu wasikilizaji, tulichanga. Ilituchukua siku kumi na moja, nazo fedha hazikutimia. Katika ukurasa ule jina langu lipo: shilingi 20,000. Msinihesabu kuwa ni mtu mbaya. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kutoa za harusi, na mwezi ulikuwa umefika mwisho. Lakini kila nikifungua daftari lile, 150,000 upande huu na 20,000 upande huu, naona haya.

Siku ya kumi na mbili mke wa fundi aliuza mashine ya randa. Kisha akauza msumeno wa umeme. Mwisho akauza hata jiliwa lililokuwa limefungwa kwenye meza ya kazi. Chuma kikanunuliwa, upasuaji ukafanyika, na mfupa ukaunga vizuri. Leo fundi anatembea. Lakini anakwenda kufanya kibarua katika karakana ya mwenzake, akilipwa kwa siku, na mashine anayoisukumia mbao ni ileile iliyokuwa yake.

Basi swali langu la leo ni hili: je, fundi huyu ametibiwa? Mguu wake umepona. Kazi yake je? Na ile mali kidogo aliyoikusanya kwa miaka, randa baada ya randa, imekwenda wapi?

Nilimweleza habari hizi shemeji yangu, ambaye ni mfanyabiashara na Mungu amemjalia. Akanijibu hivi: "Shemeji, mimi namhurumia huyo fundi. Lakini kila mtu abebe mzigo wake. Mimi sina bima wala siihitaji. Bima yangu ni fedha yangu. Nikiugua naingia hospitali nzuri, nalipa, natoka. Kwa nini jasho langu lilipe homa ya mtu nisiyemjua?"

Maneno ya shemeji si ya mpumbavu, na wako wengi mnaonisikiliza mnaoafikiana naye. Tena sisi wenye umri tunajua njia ile nyingine tuliyoipita. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu iliamua kwamba matibabu yawe haki ya kila mtu. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyokataza hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, ingawa zile za mashirika ya dini ziliendelea na kazi yake. Zahanati zilifika vijijini ambako hazikupata kuwako, na mtoto wa mkulima akachanjwa bila kuulizwa baba yake ana nini. Jambo hilo tusilisahau.

Lakini tusisahau pia miaka ya 1980. Daktari alikuwa wa bure na kitanda kilikuwa cha bure, ila dawa ilikuwa haipo. Ulikuwa ukiandikiwa karatasi, ukaambiwa ukatafute mwenyewe. Wagonjwa wawili walilala kitanda kimoja, na wa tatu chini. Mfuko wa umma ulikuwa umekauka, na mfuko uliokauka hauponyi mtu hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba ni wa wote.

Ndipo mambo yakageuka. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, na mwaka huohuo sheria ikaruhusu tena madaktari kufungua hospitali zao. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Wenzangu wengi walipunguzwa kazini, wakaenda kufungua vibanda na kuuza mitumba, wakawa waajiri na waajiriwa wa nafsi zao. Na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza wagonjwa. Jambo hilo tuliliita "kuchangia huduma".

Hapa, ndugu wasikilizaji, naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo. Sisi Waswahili tunajua maana ya kuchanga. Kukitokea msiba kwa jirani, anayechanga ni nani? Ni yule asiyefiwa. Aliyefiwa hukaa kwenye mkeka, wengine wakaleta unga, sukari na kuni. Kazi ya mchango ni kumpokea mzigo aliyeelemewa. Lakini katika huku "kuchangia" kwa mwaka 1993 mambo yaligeuzwa juu chini. Mzima alipita zake, na mchango ukadaiwa kwa yule aliyelala, saa ileile aliyoshindwa kwenda kazini. Ni sawa na kumwendea mfiwa na sahani ya rambirambi ukimtaka aweke yeye.

Kweli, serikali iliweka misamaha kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa wajawazito, kwa wazee wasio na uwezo, na kwa wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Ni jambo jema. Lakini fundi wa makamo mwenye mashine ya randa haitwi maskini. Huwa maskini baada ya kutibiwa.

Kwa hiyo mimi nimefikia kuona kwamba tumekuwa tukibishana juu ya jambo lisilo lenyewe. Tunabishana kama hospitali iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Mgonjwa haulizi jengo ni la nani. Swali la kuuliza ni hili: fedha za kumtibu zimekusanywa lini, na kutoka kwa nani? Zikikusanywa kabla, kutoka kwa wazima wengi, kila mtu hutoa kidogo na hakuna anayeuza randa. Zikikusanywa baada, kutoka kwa mgonjwa mmoja, basi hata hospitali ya serikali itamfilisi.

Na jambo hili si geni kwetu. Watumishi wa serikali wanalo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa fedha hizo hutibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Zinakatwa akiwa mzima, mwezi baada ya mwezi, naye huzisahau. Akiugua huonyesha kadi, na kadi hiyo inapokewa hata katika hospitali nyingi za binafsi. Tazameni basi: mfuko ni wa pamoja, hospitali ni ya mtu, na mgonjwa amepona.

Lakini kadi ile ilifuata mshahara. Nani atamkata mama lishe asilimia 3? Mshahara wake ni sufuria ya wali. Nani atamkata machinga, au dereva wa bodaboda? Mwaka 1996 tulianza majaribio kule Igunga. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka katika Mfuko wa Afya ya Jamii, ikatibiwa mwaka mzima. Mpango ukapelekwa wilaya nyingine, lakini haukuenea kama ilivyotarajiwa. Aliyejiunga alipofika zahanati akakosa dawa, mwaka wa pili hakurudi. Tena kujiunga kulikuwa hiari, na hiari katika jambo hili ina hila ndani yake. Mzima husema "nitajiunga nikiugua". Wakiingia wagonjwa peke yao mfuko unakufa, kama vile kamati ya harusi ambayo wote ni walaji na hakuna mtoaji.

Mwezi Novemba mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia yake ni kila mkazi awe ndani ya bima, na kwa wasio na uwezo sheria imeweka mfuko wa kuwalipia. Mimi naiunga mkono. Lakini naiunga mkono kama mweka hazina, si kama mpiga debe, na mweka hazina ana maswali yake. Kadi ikifika dirishani, dawa itakuwapo? Mwenye kadi na mwenye fedha taslimu watapewa uso mmoja? Hesabu za mfuko zitasomwa hadharani, kama ninavyozisoma mimi mbele ya kamati, hadi shilingi ya mwisho? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtu hakatai kuchanga. Anachokataa ni kuchanga asione sahani imekwenda wapi.

Sasa nirudi kwa shemeji. Nilimkumbusha jina moja. Pale Muhimbili kuna jengo liitwalo Sewahaji. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo katika karne ya 19, zama za misafara ya kwenda bara. Alifariki mwaka 1897, na sehemu ya mali yake aliitoa ili watu wapate hospitali hapa Dar es Salaam. Leo nani anajua alipata faida kiasi gani kwa msafara mmoja? Lakini jina lake hutajwa kila siku na wauguzi na wagonjwa wasiojua hata alikuwa nani. Hiyo ndiyo mali yake iliyobaki.

Shemeji akacheka, akasema, "Basi ningojee nami nife nijenge wodi." Nikamwambia la, shemeji, hapo ndipo penye tofauti. Hisani ya tajiri ni njema, lakini mgonjwa hawezi kukaa akingojea tajiri mwema azaliwe, atajirike, kisha afe. Mchango mdogo wa kila mtu, wa kila mwezi, haungoji moyo wa mtu mmoja.

Nikamwambia na jambo la pili. Hiyo fedha anayoiita bima yake inatosha malaria, inatosha hata upasuaji mmoja. Lakini figo zikishindwa kazi, mgonjwa husafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Sote tumeona nyumba zikiuzwa, viwanja vikifuata, na malori yakifuata viwanja. Maradhi ya namna hiyo humgeuza tajiri kuwa fundi wa Keko, ila kwake huchukua muda mrefu zaidi. Shemeji hakucheka tena. Aliniuliza tu, "Shemeji, kumbe ni mara tatu kwa wiki?" Nikamwambia ndiyo.

Sikuambii kwamba nilimshinda. Tuliachana kila mtu na lake. Lakini wiki iliyofuata alinipigia simu kuniuliza vijana wake wanne wa dukani, wasio na mkataba wala kadi, wanawezaje kuingizwa. Nikamwelekeza aende akaulize ofisi ya mfuko, na aende mwenyewe asitume mtu.

Mtaani kwetu tumeanza jambo dogo. Katika daftari langu nimefungua ukurasa wa tatu. Juu yake sikuandika jina la bwana harusi wala la mgonjwa. Nimeandika: "Kwa asiyejulikana bado." Kaya kumi na tisa zinatoa kidogo kila mwezi, na fedha hizo ni za kusaidia kulipia kadi za wale wanaopungukiwa. Haziwezi kununua chuma cha paja, nazo si badala ya mfuko wa taifa. Lakini zinatufundisha kuchanga kabla.

Wa kwanza kutoa alikuwa fundi wetu wa Keko. Alitoa shilingi 2,000, kutoka katika kibarua cha siku ile. Nilitaka kumrudishia, akanikataza. Akasema, "Andika, mzee. Hii naitoa nikiwa mzima."

Nimeandika. Na wewe, ndugu msikilizaji, mwezi huu kadi ya harusi ikikufikia, toa, maana harusi ni heri. Ila usiku ule ukiwa unahesabu zilizobaki, jiulize wewe na wanao mmekwisha kumchangia yule mgonjwa ambaye bado hajajulikana. Huenda ni jirani. Huenda ni wewe.

Tukijaliwa, tutaonana wiki ijayo. Kwa leo, kwaherini.