Misheni ya Muda Mfupi na Vijana wa Mitaani Nairobi: Suala la Muda

Misheni ya muda mfupi, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni safari ya kikundi cha waumini, aghalabu vijana walei, wanaotumwa na kanisa lao kwenda nchi ya ng'ambo kwa siku kadhaa au wiki chache ili wahubiri, wajenge au wahudumie wenye shida, kisha warejee kwenye masomo na ajira zao. Mtindo huu ulienea hasa kutoka Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia: shirika la Operation Mobilisation lina chimbuko lake katika safari ya George Verwer na wanafunzi wenzake kwenda Mexico mwaka 1957, na Youth With A Mission la Loren Cunningham likafuata mwaka 1960. Mwanzoni mwa karne hii mwanasosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba zaidi ya Wakristo milioni 1.5 wa Marekani walikuwa wakifunga safari za namna hiyo kila mwaka. Nairobi, ambako Kiingereza kinasikika na makanisa mwenyeji hayahesabiki, ni miongoni mwa miji inayowapokea.

Vijana wa mitaani wa jiji hilo, ambao wapita njia huwaita chokoraa, jina la dharau wasilolipenda wenyewe, walijulikana sana katika miaka ya 1970 kwa kuwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha ili wapewe senti chache. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Tofauti na inavyoandikwa katika barua za kuchangisha nauli za wamisionari, wengi wa vijana hao si yatima: wana mama Mathare, au nyanya Murang'a, au baba wa kambo ambaye ndiye aliyewafanya waondoke nyumbani. Barabarani huishi kwa makundi yenye kiongozi, eneo na sheria zake, yanayoitwa besi, na asiye na besi hana wa kumlinda usiku. Gundi ya mafundi viatu, inayovutwa kutoka chupa ya plastiki iliyobanwa kwa meno ili mikono ibaki huru, ina toluini, kemikali inayotuliza njaa na baridi huku ikiudhuru ubongo. Kuacha gundi na kuacha besi huchukua miaka, tena kwa kwenda na kurudi, kwa sababu kijana huingia katika kituo cha kuwahudumia vijana wa mitaani, hutoroka, hurudi amekonda, na mara nyingi huhitaji kumkuta mlangoni mtu yule yule aliyempokea mara ya kwanza.

Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika aliyeanzisha Undugu Society of Kenya mwaka 1973, naye alikuwa mgeni, ila alikaa, na shirika hilo likabuni shule zisizo rasmi zenye mtaala uliofupishwa kwa vijana waliokwisha kupita umri wa darasa la kwanza, pamoja na mafunzo ya ufundi. Mgeni wa wiki mbili hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa Grol. Linaloweza kuhojiwa ni kupewa kazi inayomhitaji Grol.

Kazi hiyo yafaa itazamwe kwa karibu. Jumamosi asubuhi hupangwa foleni ya mkate na maziwa, mkalimani husimama kati ya Kiingereza na Sheng, lugha ya mitaani ya vijana hao, akipunguza makali ya pande zote mbili, na wito wa kuokoka unapotolewa mikono mingi huinuka, mmoja au miwili ikiwa na chupa ndani ya sweta. Viatu vipya vinavyogawiwa huweza kuuzwa kabla ya jioni, jambo ambalo wafadhili huliona utovu wa shukrani, ilhali kijana amepiga hesabu sahihi: akilala navyo atavuliwa na wakubwa wake kwa kipigo, na aliyevaa vizuri hapewi sarafu na mtu. Kuinua mkono nako si lazima kuwe unafiki, kwani kijana anaweza kutubu kwa dhati leo na kutubu kwa dhati tena kikundi kingine kitakapofika Agosti. Theolojia ya toba inalistahimili hilo kuliko fomu ya ripoti yenye safu ya idadi ya waliookoka. Kwa kuzoea wageni, vijana hujifunza pia ushuhuda upi unaopokewa vizuri: kufiwa na wazazi wote wawili hutoa machozi, ilhali mama aliye hai anayepika pombe ya chang'aa huzua maswali marefu.

Madhara mengine hayaonekani katika picha za safari. Linda Richter na Amy Norman, walioandika mwaka 2010 kuhusu utalii wa kuwatembelea yatima wa UKIMWI kusini mwa Afrika, walionya kwamba watoto wanaozoeshwa kupenda na kuachwa na wageni wanaopishana hudhoofika katika kile ambacho wanasaikolojia hukiita mfungamano, yaani uhusiano wa kudumu na mlezi unaomfundisha mtoto kuamini watu. Tena mlango ulio wazi kwa kila mwenye nia njema huwa wazi kwa wengine pia: mwaka 2016 mahakama moja ya Oklahoma ilimhukumu kijana wa Kimarekani kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao aliyojitolea kuyahudumia nchini Kenya.

Makanisa ya Afrika Mashariki hayakuchelewa kuyaona haya. John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki aliomba mwaka 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda, na mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaunga mkono wazo hilo. Halikutekelezwa, kwa sababu wachungaji wenyeji walikuwa na madarasa ya kumalizia na mishahara ya kulipa, na mgeni huja na bahasha. Mwaliko unaotolewa kwa njia hiyo si wa hiari kamili.

Kurt Ver Beek, aliyechunguza nyumba zilizojengwa Honduras baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, alionyesha kwamba nyumba iliyowagharimu wenyeji takriban dola 2,000 iligharimu takriban dola 30,000 ilipojengwa na kikundi cha wageni, nauli zikihesabiwa. Basi kanisa linalotuma linapaswa kukiri kwamba linasomesha vijana wake, na elimu hiyo ina thamani, ila haihitaji kushikana mikono na mtoto wa besi. Muuguzi mgeni anaweza kuwafunza wafanyakazi wa kituo kutunza vidonda, na mhasibu akapanga vitabu vyao. Tangu mwaka 2022 mkakati wa Kenya wa kurekebisha malezi unaelekeza watoto watolewe kwenye makao ya watoto na kurudishwa katika familia, kazi inayomtaka ofisa wa jamii apande matatu hadi Murang'a, azungumze na nyanya kwa Kikikuyu, amwone chifu, arudi mwezi ujao kuona kama mtoto bado yupo, na arudi tena. Ofisa huyo mara nyingi hana nauli.