Kadi Shingoni Isiwe Kipande

Maneno kwa wasimamizi wa mikutano, Kitale na Bungoma



Tumeombwa tueleze namna ya kuwapokea na kuwaandikisha wajumbe mlangoni. Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Sisi twasema anayeshika daftari la mahudhurio ameshika usalama wa waliohudhuria.

Wazee wetu walilijua hilo. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuwa na kipande chenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Waliotoka Bungoma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia hawakuweza kumwacha mwajiri bila sahihi yake. Karatasi ile haikumfaa aliyeivaa. Ilimfaa aliyetaka kumsaka.

Kadi za mikutano yetu nazo huvaliwa shingoni. Je, zinamfaa nani?

Ziko sababu za haki za kuziandika. Mwaka 1988 wananchi walipiga kura kwa kupanga mlolongo, na mahali pengine aliyekuwa na mstari mfupi alitangazwa mshindi. Mistari ilipotawanyika, hapakubaki karatasi za kuhesabu upya. Kwa hiyo mkutano wetu unapopiga kura, majina ya wajumbe yaletwe mapema kutoka kila kata. Mjumbe apewe kadi ya rangi moja, mgeni ya rangi nyingine. Kabla ya kura, idadi ya kadi za wajumbe zilizotolewa isomwe mbele ya wote.

Lakini tusivuke mpaka huo. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ilirekebishwa mwaka 1997, na ulazima wa leseni ya mkutano ukaondolewa. Anayeitisha mkutano wa hadhara huwaarifu polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla yake, akitaja jina na anwani yake, tarehe, saa na mahali. Sheria hiyo haimtaki awasilishe majina ya watakaohudhuria. Akija mtu kudai daftari, aulizwe kwa adabu amri ya mahakama iko wapi.

Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Ibara ya 31 na haki ya kukusanyika kwa amani katika Ibara ya 37. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tumweleze mtu kwa nini tunaandika habari zake, tuombe zinazohitajika tu, na tusizihifadhi kupita haja. Kabila na imani imezihesabu kuwa habari nyeti. Basi daftari letu lisiwe na safu ya kabila wala ya kanisa. Nambari ya kitambulisho isiandikwe mlangoni. Ikihitajika kwa marejesho ya nauli, iandikwe katika karatasi ya pekee ya mweka hazina.

Daftari lisizungushwe mkono kwa mkono, kila mmoja akisoma simu ya jirani yake. Aandike mtu mmoja anayejulikana, naye alifungie kabatini. Kazi ikiisha, karatasi zisizohitajika zichomwe mbele ya mashahidi wawili.

Mama atakayetoka Webuye kuja kusikiliza hoja zetu anatuamini. Tumlinde tangu mlangoni.