Njia Tatu za Picha Moja: Utumaji wa Picha kupitia Roboti katika Telegram

Mada hii inachunguza namna picha inavyotumwa kupitia roboti katika Telegram, programu ya kutumiana ujumbe iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili, Pavel Durov na Nikolai Durov, na ambayo tangu Juni 2015 imewafungulia waandaaji wa programu mlango wa kuunda roboti zao wenyewe. Roboti inayozungumziwa hapa si mtambo wenye mikono, bali ni akaunti isiyoendeshwa na mtu, ambayo nyuma yake ipo programu inayopokea maagizo na kuyajibu. Wapo wanaoiita boti, lakini neno hilo tayari ni la chombo cha majini, na msomaji wa pwani atafikiria kwanza safari ya Unguja, ndiyo maana neno roboti limependelewa. Inadaiwa hapa kwamba mtumaji, kwa kuchagua tu njia ya kuipitisha picha, huwa ameshaamua gharama ya safari yake ni kiasi gani, ubora wake utapungua au la, na taarifa zipi zilizofichika zitafuatana nayo.

Roboti husajiliwa kwa kuandikiana na roboti nyingine, BotFather, ambayo humkabidhi mwandaaji tokeni, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaofanya kazi ya ufunguo. Seva za Telegram huitambua roboti kwa tokeni hiyo peke yake, hivyo yeyote anayeipata anaweza kutuma picha kwa jina la roboti hiyo, na ikishavuja hakuna budi kuibatilisha kwa BotFather na kuomba nyingine.

Agizo la kutuma picha huitwa sendPhoto, nalo hudai mambo mawili tu, ambayo ni namba ya utambulisho ya mazungumzo na picha yenyewe. Picha yaweza kupakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya mtumaji, mradi isizidi megabaiti 10. Yaweza pia kutajwa kwa anwani yake ya intaneti, seva za Telegram zikaenda kuichukua zenyewe, ambapo kikomo hushuka hadi megabaiti 5. Njia ya tatu, ambayo wanaoanza kazi hii huipuuza ingawa ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, ni kutumia file_id, yaani jina ambalo seva huipa picha ikishapokewa mara ya kwanza, na ambalo roboti hiyohiyo, wala si nyingine, inaweza kulitumia tena bila kuipakia picha upya.

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara kina wanachama 600 na kinataka kumpelekea kila mmoja picha ya megabaiti 2 yenye bei za mnada. Kikiipakia picha upya kwa kila mwanachama, kitatumia megabaiti 1,200 za kifurushi chake. Kikiipakia mara moja na kisha kutaja file_id kwa wanachama 599 waliobaki, megabaiti 2 na ziada ndogo ya maagizo zinatosha. Katika mazingira ambamo kifurushi hununuliwa kwa siku au kwa wiki, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama huduma itadumu. Kasi nayo ina mpaka, kwani roboti ya kawaida inashauriwa isivuke takriban jumbe 30 kwa sekunde, na inayozidisha hurudishiwa kosa namba 429 pamoja na muda wa kusubiri.

Picha iliyotumwa kwa sendPhoto hukandamizwa, yaani hupunguzwa ukubwa, na taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya faili huondolewa. Ikitumwa kama hati, kwa agizo la sendDocument lenye kikomo cha megabaiti 50, hubaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa ramani au stakabadhi yenye maandishi madogo, hati ndiyo inayofaa, kwa kuwa ukandamizaji huweza kuyafifisha maandishi. Lakini picha ya nyumba ya mwanachama, ikiwa imepigwa kwa simu iliyowashwa huduma ya mahali, itamfikishia mpokeaji hata vipimo vya latitudo na longitudo vya nyumba hiyo. Kwa picha za watu na makazi yao, kwa hiyo, sendPhoto inastahili kuwa chaguo la kwanza, hata kama ubora utapungua.

Telegram hairuhusu roboti kuanzisha mazungumzo na mtu, wala orodha ya namba za simu haisaidii, kwa kuwa namba ya mazungumzo haitokani na namba ya simu. Mwanachama ambaye hajaifungua roboti na kubonyeza kitufe cha kuanza hatapokea picha ya bei, hata kama jina lake limo katika daftari la ushirika, na ndiyo sababu kazi ya kwanza ya chama kama hicho hufanyika mkutanoni, simu zikiwa mikononi mwa wanachama.