Nguo za Kijana Anayeanza Kazi ya Ziwa

(Haya ni maneno ya fundi cherehani mmoja wa Kisumu, ambaye zamani alikuwa mvuvi wa omena. Aliyasema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya pwani ya ziwa. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Mwenyekiti aliniambia nizungumze juu ya nguo za kazi, nami nikadhani ni nguo za shambani. Kumbe ni mambo ya yule kijana wenu na koti lake.

Wengine hamjasikia, basi nieleze. Kijana mmoja wa kikundi hiki amepata nafasi katika boti ya omena. Hajawahi kulala ziwani. Akachukua pesa yake ya mzunguko, yote, akaenda Kibuye siku ya Jumapili, akanunua koti moja. Akaniletea kibandani nimpunguzie mikono. Nikaligeuza, nikalitazama. Koti zuri kabisa, sikatai. Lakini ni koti la mwindaji.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotoka asubuhi na bunduki kuwinda bata na paa, na wana makoti yao maalum. Yakichakaa, au wakiyachoka, yanafungwa mitumba yanakuja kwetu. Hapa Kenya Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hakuna kijana atakayeniuliza avae nini akienda kuwinda. Mwindaji wetu sisi ni mvuvi. Naye huvizia gizani, naye hunyeshewa, naye hukaa saa nyingi bila kusogea. Ndiyo maana akiliona koti kama lile anadhani limeshonwa kwa ajili yake.

Sasa tazameni tofauti. Mwindaji akilowa, anatembea hadi nyumbani. Mvuvi akilowa saa saba ya usiku, yuko palepale hadi alfajiri. Lile koti lilikuwa la pamba nzito, lina bitana ya pamba, linafika magotini, na rangi yake ni mabaka-mabaka kama ya wanajeshi. Hilo la mabaka peke yake ni balaa. Raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa katika nchi hii, na akishikwa, askari hatataka kusikia habari za bata wa Ulaya. (Watu wakacheka.)

Mnacheka, lakini mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Usiku wangu wa kwanza ziwani nilivaa koti la pamba, fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Tulitoka giza la mwezi, kama ilivyo desturi ya omena, taa zikawashwa, nami nikajiona mwanamume. Mvua ilikuja saa nane. Lile koti lilikunywa maji kama sponji. Likawa zito hata kuinua kasia siwezi. Upepo ukaanza kupita katika nguo zilizolowa, na baridi niliyoisikia si ya Kisumu. Vidole vikakataa kufungua fundo la kamba. Kulikuwa na mzee mmoja katika boti yetu, amevaa sweta kuukuu la sufu, limetoboka viwiko, na juu yake kijikoti cha nailoni kisicho na thamani. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka pale bichi. Usiku ule hakutetemeka hata kidogo.

Kwa nini? Pamba ikilowa hushika maji, na maji hayo huondoa joto la mwili. Sufu hata ikilowa bado huhifadhi joto. Maji ya ziwa letu si baridi ukiyaogea mchana, lakini ni baridi kuliko damu yako, na ukikaa saa tano umelowa katika upepo, mwili unashindwa. Tena kumbukeni ziwa liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Na usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, hewa inakutana katikati na kupanda juu, ndipo radi na mvua kubwa huzaliwa huko, wakati ule ule omena wanavuliwa.

Kwa hiyo ukienda Kibuye, usianze na makoti. Anza na sweta. Wauzaji watakuonyesha kamera kwanza, zile za bei zilizochaguliwa beli linapofunguliwa. Pita. Nenda kwenye rundo la fagia, chini kabisa, maana sweta la sufu lililotoboka kiwiko hutupwa huko, na kiwiko ni kazi yangu, nitakiziba. Utajuaje ni sufu? Omba ruhusa, vuta uzi mmoja mdogo, uwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Ukinuka kama nywele zilizoungua, na majivu yakavunjika vidoleni, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni nailoni au ndugu yake. Hizo si mbaya, hazinywi maji mengi na hukauka upesi, ni chaguo la pili. Ukiwaka kama karatasi, ni pamba. Irudishe, vaa pamba ukienda mkutanoni. Sisemi pamba ni mbaya. Sisi tumelelewa na nguo za KICOMI hapa Kisumu, nazo zilikuwa nguo safi sana za nchi kavu.

Tena, akina mama, sweta la sufu msilifue kwa maji moto. Litarudi la mtoto.

Sasa koti la juu. Kazi yake ni kuzuia mvua na upepo tu, joto ni kazi ya sweta. Litafute jepesi, fupi, liishie kiunoni ili uweze kuinama na kurusha mguu juu ya ukingo wa boti. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo wa ziwa pia utapita. Halafu ligeuze ndani nje. Makoti mengi ya mvua yamepakwa kitu kama ngozi nyembamba upande wa ndani. Kwaruza kwa ukucha: kikibanduka vipande-vipande, koti limekufa, hata kama nje linang'aa. Angalia mshono wa mabega, maana maji hupita kwenye matundu ya sindano. Ukikuta utepe umebandikwa juu ya mshono ndani, hilo ni koti la mtu aliyejua kazi yake. Kama hakuna utepe, sugua mshono kwa mshumaa, rudia kila mwezi. Zipu iwe ya plastiki, ya chuma itashika kutu na siku moja itakataa kufunguka.

Na kwa boti ambazo bado zinatumia karabai: nailoni na moto haviishi nyumba moja. Ikiyeyuka inashika ngozi. Anayeshughulikia taa avue kile kijikoti kwanza. Wenye taa za betri wana nafuu hapo.

Rangi. Hapa wale wawindaji wa ng'ambo wana kitu cha kutufundisha. Huko, wengi huvaa kizibao cha rangi ya chungwa kali juu ya koti, ili mwenzake asimpige risasi akidhani ni mnyama. Vizibao hivyo hufika Kibuye, na vijana hawavitaki, wanasema ni vya watu wa barabarani. Omera, kichukue. Mtu aliyeanguka majini usiku akiwa na buluu au nyeusi, unaweza kupita karibu naye na tochi usimwone. Chungwa na njano huonekana. Kikiwa na utepe unaong'aa ukimulikwa, hata kama kimechanika, kilete nikishone.

Suruali, kwa kifupi: nyepesi, isiwe jinzi. Kofia ya sufu, ile mnaita marvin, ni ya bei ndogo na inasaidia sana. Wanaovua mchana wavae mikono mirefu na kofia pana, kwa kuwa jua huwapiga kutoka juu na tena kutoka majini.

Gambuti ni mabishano. Watu husema gambuti likijaa maji linakuvuta chini kama jiwe. Si hivyo hasa. Maji ndani ya maji hayana uzito. Lakini huwezi kupiga miguu, na unapotaka kupanda kwenye boti ndipo uzito wote unakuja, na mikono imechoka. Koti refu la pamba ni vile vile. Kwa hiyo gambuti ni la bichi. Botini, vaa kiatu unachoweza kukivua kwa mguu mwingine bila kuinama.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ni gumu kwangu kulisema. Lakini katika kununua ndilo la kwanza, kabla ya sweta, kabla ya yote. Ni lile jaketi la kuelea, laifujaketi.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili, nchi zote tatu pamoja. Hapa ndani kila mmoja wetu anaweza kutaja jina bila kufikiri. Wengi walijua kuogelea. Kuogelea gizani, katika mawimbi, umelowa na umechoka, ni kitu kingine.

Nilipoacha uvuvi nikaanza ushonaji. Kijana mmoja akaniuliza kama naweza kumshonea laifujaketi, maana la dukani ni ghali. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Nikachukua kitambaa kizuri cha buluu, nikakata sponji ya godoro, nikaishona ndani. Likapendeza. Wengine wakaja. Nilishona saba.

Mnaona kosa? Tayari mama huyu anatikisa kichwa, maana ameosha godoro. Sponji ya godoro ina matundu yanayopitisha maji. Kwa dakika chache inaelea, halafu inakunywa. Usiku mmoja boti ilipinduka, na mmoja wa wateja wangu alikuwa ndani yake. Aliniambia mwenyewe: jaketi lilimshika mwanzoni, akafurahi, halafu akalisikia likishuka mabegani. Alilivua majini. Kilichomwokoa ni mtungi mtupu wa lita 20 uliokuwa umefungwa kifuniko vizuri, aliukumbatia mpaka asubuhi. Alipofika kibandani kwangu hakunipigia kelele. Aliliweka tu mezani, likiwa bado linachuruzika.

Tangu siku hiyo sishoni tena laifujaketi. Natengeneza kamba na vifungo vya zile za kiwandani, basi. Na hivi ndivyo ninavyozikagua. Boya la ndani liwe la aina isiyonywa maji, kama soli ya ndara za plastiki. Libonyeze: likirudi taratibu au likibaki bapa, limechoka, kwa kawaida ni kwa sababu watu wamelikalia. Msikalie laifujaketi! Soma kitambulisho ndani. Utaona namba na herufi N: 50, 100 au 150. Kila 10 ni kama kilo moja ya kukuinua. 50 ni ya mtu anayejua kuogelea karibu na ufuo, pale pale penye msaada. Kwa kazi ya usiku tafuta 100 au zaidi. Yale membamba ya kujazwa upepo mnayoyaona kwenye mitumba, yaacheni. Mara nyingi kichupa cha gesi kimeshatumika.

Ukishanunua, usisubiri dhoruba. Ingia majini hadi kifuani, mchana, na mwenzako akiwa karibu, ukunje magoti. Mdomo wako ubaki juu. Kama jaketi linapanda masikioni, linahitaji mkanda wa kupita katikati ya miguu. Huo nitashona bure kwa kikundi chochote. Na mtungi mtupu uliofungwa vizuri ubaki botini kila usiku hata kama wote mna majaketi.

Najua mtaniuliza pesa. Kijana anayeanza hana kitu, na mwenye boti husema kila mtu ajitegemee. Lakini akina mama, ninyi ndio mnaonunua omena wake. Mkiwa kumi mkimwuliza pale bichi, mbele ya kamati ya BMU, majaketi yake yako wapi, atasikia kuliko akiulizwa na kijana aliyemwajiri jana. Na kikundi kinaweza kununua vifaa vya watu wawili, jaketi, sweta na kijikoti, viwe mali ya kikundi. Anayeanza anaazimwa kwa msimu, analipa kidogo kidogo kutoka fungu lake, akinunua vyake anamwachia mwingine. Mwekahazina aviandike kwenye daftari kama vile viti na sufuria za harusi.

Yule kijana wa koti amekubali tuliuze. Mchungaji wa ng'ombe hawezi kulivaa, kwa sababu ya yale mabaka, kwa hiyo nitalikata niwe na vitambaa vya kushikia sufuria. Tutapata hasara. Kikundi kimemwongezea kidogo, na Jumapili baada ya ibada tunaenda naye Kibuye na kiberiti.

Jambo moja la mwisho. Yale majaketi saba niliyoyashona, matano nimeyapata, nikarudisha pesa, nikayachana kwa mkono wangu. Mawili bado. Moja nasikia lilivuka kwenda upande wa Mbita, la pili sijui. Ni ya kitambaa cha buluu, uzi mweupe, mfuko mmoja upande wa kushoto, mkanda wa kiunoni una pete mbili za chuma. Ukimwona mtu amelivaa, tafadhali mvue. Mwambie alilete Kisumu, au akupe wewe uniletee. Pesa yake ninayo.